Fito kwa maharage, waya kwa pasheni, gome kwa pilipili manga

Chukua mche wa maharage ya kupanda wenye wiki tatu hivi, ule ambao ncha yake imeshaanza kurefuka na kuyaacha majani nyuma. Chomeka kijiti ardhini pale ncha inapoelekea, kisha uende zako ukapalilie. Ukirudi baada ya nusu saa, ncha haielekei tena kwenye kijiti chako, imehama. Ukiwa na subira ya kama saa mbili, siku yenye joto la kutosha, utaikuta imemaliza duara zima na kurudi ilikoanzia. Si upepo uliousukuma. Shina linakua upande mmoja kwa kasi kuliko mwingine, na upande huo wenye kasi unahama taratibu kulizunguka shina, basi ncha inachora duara hewani. Ni kama mtu anayepapasa kibiriti umeme ukikatika: haoni, lakini mkono wake unapita kila mahali unapoweza kufika.

Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alifungiwa chumbani na ugonjwa akawa na muda wa kutosha wa kuhesabu mizunguko hii. Mhopi, mmea wa kupanda ambao maua yake hutiwa kwenye bia, aliouweka kwenye chungu ulizunguka kwa wastani wa saa 2 na dakika 8. Alichapisha uchunguzi wake mwaka 1865, na kilichomchokoza ni taarifa fupi ya mtaalamu wa mimea Mmarekani Asa Gray ya mwaka 1858 kuhusu vikono, yaani vijikamba vya kushikia, vya mimea ya jamii ya maboga. Mengi aliyoyaona bado yanasimama, na mkulima wa Kisoro au Muheza anaweza kuyaona mwenyewe shambani bila kifaa chochote zaidi ya saa.

Ninayaeleza haya kwa sababu moja. Mimea inayopanda haipandi kwa njia moja, na kila njia ina hisi yake. Maharage hupapasa kwa shina zima. Pasheni hushika kwa vikono. Pilipili manga na vanila hujigandisha kwa mizizi. Ukiusimikia mmea kitu ambacho hisi yake haikitambui, utaufunga kamba kila wiki na bado utaanguka, halafu lawama utaitupia mbegu.

Tuanze na maharage, maana ndiyo yanayoliwa na wengi. Nyanda za juu za Rwanda, Burundi, Kivu na Kigezi zinayapenda kwa sababu ardhi ni finyu na mmea unaokwenda juu huzaa zaidi ya mara mbili ya ule wa kichaka. Tatizo lake ni fito. Ukipanda mistari ya nusu mita, shimo kila sentimita 20, mbegu moja moja, hekta inabeba mimea 100,000. Ufito mmoja kwa mimea miwili maana yake fito 50,000, kila mmoja wa mita 2 au zaidi. Kwenye milima isiyo na misitu hesabu hiyo inaumiza, ndiyo maana watu hutumia mabua ya matete, ambayo huoza baada ya msimu mmoja au miwili.

Hapo ndipo mtu hupata wazo la kubana matumizi: asimike nguzo chache, avute kamba za mlalo kati yake, kama waya wa pasheni. Haifanyi kazi. Ncha ya maharage inajizungusha kuufuata mstari wa wima, kwa sababu inaongozwa na mvuto wa ardhi. Ndani ya shina kuna tabaka la seli zenye chembe nzito za wanga, na chembe hizo zikizama upande mmoja, seli zinajua chini ni wapi. Japani kuna aina ya ua la asubuhi, mmea wa maua unaojisokota kama maharage, lenye kasoro: tabaka hilo halikujengeka vizuri. Shina lake linaning'inia, halizungushi ncha sawasawa na halijisokoti kwenye ufito. Watafiti walieleza chanzo chake mwaka 2005, kwamba ni hitilafu katika jeni moja tu. Maana yake kujisokota si kugusa peke yake. Mmea usiojua juu na chini haujui kupanda.

Kwa hiyo kamba ya maharage iwe ya wima. Kama fito ni adimu, simika nguzo kila mita 4 au 5, vuta waya mmoja juu na mwingine karibu na ardhi, kisha funga kamba za katani za wima kutoka waya hadi waya, moja kwa kila mimea miwili. Zikaze. Kamba iliyolegea inayumba, na ncha laini inayoigusa mara mbili tatu kabla haijajisokota huishia kuteleza. Ukijenga vibanda vya fito tatu au nne zilizofungwa kileleni, visimame wima wima. Ufito uliolala sana ncha huuacha na kuendelea na safari yake angani.

Unene nao una ukomo. Shina linalojisokota hujishikilia kwa kujibana, na mvutano uleule wa shina hubana sana kwenye kitu chembamba na hubana kidogo kwenye kitu kinene. Ndiyo maana ufito wa unene wa kidole gumba unatosha kabisa, na nguzo ya ua yenye unene wa paja inashindikana, hata ikiwa imara mara kumi. Magamba na vifundo viache. Ufito uliochongwa ukawa laini kama mpini wa jembe ni kazi ya bure, tena kazi ya hasara.

Viazi vikuu vina ufundi wa ziada katika kubana huko, na kwa macho yangu ndio mzuri kuliko yote. Tazama kile kinachozaa viazi vidogo juu, kwenye makwapa ya majani. Mahali jani linapoungana na shina kuna vijitokeza viwili vidogo. Shina likishajisokota kwenye mti, vijitokeza hivyo vinakua na kuusukuma mti, hivyo shina linasogezwa nje kidogo na kukazika, sawa na mtu anayepachika kabari chini ya kamba ili ikaze mzigo. Watafiti waliipima nguvu hiyo mwaka 2009. Ukivibandua vijitokeza hivyo kwa kudhani ni uchafu, umeondoa kabari.

Sasa mwelekeo. Simama mbele ya ufito wenye maharage: shina la upande wako linapanda kutoka mkono wako wa kushoto kwenda kulia. Litakuwa hivyo kwenye ufito wa kwanza na wa elfu, kusini na kaskazini mwa ikweta, kivulini na juani. Jua halihusiki; mwelekeo umo kwenye urithi wa mmea. Mimea mingi inayojisokota inafuata mwelekeo huo, ila si yote. Kiazi kikuu cha kawaida na kile kinachozaa juu husokota kinyume kimoja na kingine, na wakulima wa viazi huvitenganisha kwa dalili hiyo kabla hata ya kutazama majani. Jambo la vitendo ni hili: unapookota rando la maharage lililoanguka na kulirudisha kwenye ufito, lizungushe upande wake. Ukilizungusha kinyume, ncha itajifungua yenyewe, au itageuka na kuanza upya, na umeipotezea siku.

Simika fito mapema, wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, kabla ncha hazijarefuka. Ufito uingie ardhini kama sentimita 30 na ukae sentimita 10 hivi kutoka kwenye shina, usije ukakata mizizi. Ukichelewa, ncha zinazozunguka zitakutana zenyewe kwa zenyewe. Shina moja litaona jirani ni ufito, jirani naye hivyo hivyo, na wote wawili watalala chini wakiwa wamekumbatiana. Kuwatenganisha bila kuvunja ncha ni kazi ambayo sijui mtu anayeipenda.

Pasheni, au karakara, ni habari nyingine. Shina lake halijisokoti. Kwenye kwapa la kila jani kunatoka kikono kimoja, kamba nyembamba ya kijani iliyonyooka. Kina hisi ya kugusa inayozidi ya ngozi ya kidole chako. Darwin aliweka kipande cha waya chenye uzito wa miligramu 1.23 juu ya kikono cha aina moja ya pasheni, na kikono kikajikunja. Alipokigusa, kilianza kupinda baada ya sekunde 25 hadi 39.

Jaribu mwenyewe, ila chagua kikono sahihi. Vile vya nchani kabisa bado vichanga na vimejikunja. Vile vya chini vimeshashika au vimejisokota kama springi bila kushika kitu, na hivyo vimekwisha kazi. Unachotaka ni kilichonyooka, kimekaribia kumaliza urefu wake, na bado ni laini. Kwaruza upande wa ndani karibu na ncha, kwa kijiti kikavu, mara tano sita, taratibu. Tulia. Ndani ya dakika chache utaona ncha inapinda kama ndoana. Ukikiacha bila kitu cha kushika, kitajinyoosha tena na kuwa tayari kwa jaribio lingine. Darwin alikichokoza kimoja mara 21 ndani ya saa 54, na kila mara kilijibu.

Kisha kidondoshee maji. Hakifanyi kitu. Hapa ndipo ujanja wa kikono ulipo: matone ya mvua yana uzito mkubwa kuliko kile kijiwaya, lakini kikono hakihesabu uzito, kinahesabu mkwaruzo. Mtaalamu wa mimea Mjerumani Wilhelm Pfeffer alilithibitisha hilo mwaka 1885 kwa kukigusa kwa fimbo iliyopakwa jelatini yenye unyevu. Fimbo ilikandamiza, kikono kikatulia. Kinachohitajika ni seli za juu kukwaruzwa na uso wenye vijinundu, sehemu tofauti tofauti, mara kadhaa. Mmea ambao ungejikunja kila mvua inaponyesha ungekuwa umemaliza vikono vyake vyote kufikia mwisho wa masika.

Tafsiri yake shambani ni nyepesi. Kamba ya kupandishia mche wa pasheni kutoka chini hadi kwenye waya iwe ya katani, yenye nyuzi zinazochoma kidogo. Nailoni laini inayong'aa vikono huishika kwa shida na hata vikiishika huteleza nayo. Nguzo nene haifai kupandwa moja kwa moja, kwa sababu kikono lazima kiizunguke ndipo kifunge, na kwa nguzo ya sentimita 15 kikono ni kifupi mno. Kwa kikono, hiyo si nguzo, ni ukuta.

Kikishashika, kazi ya pili inaanza. Kikono kinajisokota katikati na kuwa springi, kinauvuta mmea karibu na waya. Kikague kwa karibu: nusu moja imesokotwa upande huu, nusu nyingine upande ule, na katikati kuna kipande kifupi kilichonyooka pale mwelekeo ulipogeuka. Haiwezi kuwa vinginevyo. Kitu kilichofungwa ncha zote mbili hakiwezi kusokotwa upande mmoja tu bila kukunjamana, na ukitaka ushahidi sokota waya wa simu ulioushika pande zote. Kwenye kikono cha tango, watafiti walionyesha mwaka 2012 kwamba ndani yake kuna utepe mwembamba wa seli zilizokakamaa, na upande mmoja wa utepe husinyaa kuliko mwingine. Kikono kikizeeka na kukauka, springi hiyo ukiivuta kwa nguvu inazidi kujisokota badala ya kufunguka. Upepo ukija, mmea unayumba na kurudi.

Jenga kwa vipimo hivi: nguzo za mita 2.7, zizame sentimita 60, zibaki mita 2.1 juu ya ardhi, kila baada ya mita 6. Juu yake waya wa mabati geji 14, uliokazwa vizuri, na nguzo za mwisho zishikiliwe kwa mihimili. Mistari iachane mita 2 hadi 3. Mche ubaki na shina moja au mawili. Machipukizi ya pembeni chini ya waya yote yaondolewe. Shina likifika kwenye waya, lilaze kushoto na kulia. Matawi yanayotoka hapo yanaachwa yaning'inie, maana pasheni huzaa kwenye matawi mapya, na ncha zake zikatwe zikifika sentimita 15 hadi 20 kutoka ardhini ili yasibebe magonjwa ya udongo.

Halafu kinafuata kipengele kinachopuuzwa. Vikono vya matawi yanayoning'inia havijui kwamba unataka yaning'inie. Vinashika tawi la jirani. Baada ya miezi michache pazia zima linafungana kuwa tita moja, hewa haipiti, madoa ya ukungu yanaingia, na dawa unayopuliza haifiki ndani. Pita na mkasi, kata vikono vinavyofunganisha matawi. Viache tu vile vilivyoshika waya. Ni kazi ya mikono, haina ujanja, na kwa maoni yangu inaokoa pasheni nyingi kuliko nusu ya chupa zilizopangwa kwenye duka la pembejeo.

Pilipili manga haizunguki wala haina vikono. Muheza, milima ya Morogoro, Unguja na Pemba, utaikuta imeganda kwenye mti kama imepakwa gundi. Kwenye kila kifundo cha shina inatoa mizizi mifupi, na mizizi hiyo inakimbia mwanga. Inaelekea upande wenye kivuli, na upande wenye kivuli ndiko gome liliko. Ikikuta uso mkwaruzo wenye unyevunyevu, inaingia kwenye nyufa na kushika.

Kumbe basi uchaguzi wa mti ni uchaguzi wa gome. Glirisidia, mwembe na mfenesi zinafaa. Mpera na mkaratusi hapana, kwa sababu hubandua magome yake na pilipili yako huanguka nayo. Nguzo ya zege au bomba haina nyufa. Ukilazimika, izungushie gunia au makumbi ya nazi na uyaloweshe kiangazi. Mti wa kusimikia upandwe angalau mwaka mmoja kabla, la sivyo pilipili inaupita mti mbio. Panda mche sentimita 30 kutoka kwenye shina, kisha ufunge kwa ukanda wa mgomba kwenye kila kifundo, kifundo kigusane na gome, mpaka mizizi ishike. Kifundo kinachoelea hewani kwa sentimita mbili tu hakishiki: mizizi yake inakauka, shina linajipinda nje, na rando lililopoteza mti huning'inia na kuwa jembamba.

Kosa kubwa kuliko yote hutokea kabla ya kupanda. Pilipili manga ina matawi ya namna tofauti: mashina yanayopanda, marando yanayotambaa chini, na matawi ya pembeni yanayozaa. Haya ya mwisho hayatoi mizizi ya kushika, na tabia hiyo hayaiachi. Ukikata pingili kwenye tawi la kuzaa, utapata kichaka kidogo kinachozaa mapema lakini hakitapanda maisha yake yote, hata ukifunge kwenye mti mzuri namna gani. Kwa shamba, chukua pingili za vifundo vitatu au vinne kutoka kwenye marando ya chini au mashina ya kupanda.

Vanila ya Bukoba na Uganda inatumia mizizi pia, ila yake ni mirefu na hujibana bapa kwenye gome la mbono kaburi au glirisidia. Yenyewe hairuhusiwi kupanda itakavyo. Ikifika mita moja na nusu, hupitishwa kwenye panda la mti na kuning'inizwa, kwa sababu shina lililoinama chini ndilo hutoa maua, karibu na pale lilipopinda. Lile ua la ndani lenye majani ya kijani na njano, ambalo kila nyumba ya Dar es Salaam ina kopo lake, hufanya kinyume: likining'inia majani huwa madogo, likipata mwembe wa kupanda majani yake hufikia ukubwa wa sinia.

Mimea hii inafikaje kwenye mti ikiwa imeota mbali nao? Mwaka 1975 watafiti wawili walieleza walichokiona Costa Rica kwenye miche ya monstera, mmea wa msituni unaopanda miti kwa mizizi. Badala ya kufuata mwanga kama mimea mingine, miche ilitambaa chini ikielekea kwenye giza, yaani kwenye kivuli cha shina la mti lililo karibu. Mti mnene uliivuta kutoka mbali zaidi kuliko mwembamba. Ikishaugusa mti na kuanza kupanda, inabadili tabia na kufuata mwanga.

Kuna mmoja anayenusa. Zile nyuzi za njano zinazofunika ua wa michongoma na mabogenvilia, ambazo wengi wanaziita mlangamia, hazina majani wala mizizi ya kudumu. Mche wake una siku chache tu za kupata mwenyeji kabla akiba ya mbegu haijaisha. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani waliuweka mche wa aina moja ya nyuzi hizo karibu na mnyanya, ukauendea. Wakauwekea harufu ya mnyanya peke yake, bila mmea, ukaiendea pia. Kati ya nyanya na ngano, ulipendelea nyanya. Ukishafika unajisokota kama maharage, kisha unatoboa na kunyonya.

Kuzivuta nyuzi kwa mkono hakusaidii, maana kipande kilichobaki kimeng'ang'ania tawi huchipua upya. Kata tawi la mwenyeji pamoja nazo, chini ya pale zilipotoboa, kabla hazijatoa maua, ukalichome. Usilitupe juu ya ua wa jirani.